Peugeot 504 ama Datsun 1600: venye unalinganisha gari mbili za zamani bila kudanganywa na katalogi

Ukikaa na watu wa gari za zamani hapa Nairobi, iwe ni Ngong Racecourse siku ya Concours, yale maonyesho ya gari za zamani, ama ni garage tu mnangoja fundi amalizane na mtu mwingine, hii stori lazima ije: kati ya 504 na Datsun 1600 gani ilikuwa gari kweli? Na kwa sababu kila mtu ana baba ama mjomba aliyekuwa nayo, hakuna anayekubali kushindwa. Mmoja anasema Datsun ilikuwa na hosipawa 96 na Peugeot 93, kwisha maneno. Mwingine anamwambia wee nyamaza, 504 stesheni ilikuwa inajaza watu safu tatu na mizigo juu inapanda mpaka Nakuru bila kulia, Datsun yako ingefika wapi. Na wote wawili wako na hoja, shida ni kwamba wanapima vitu tofauti na mizani tofauti.

Sasa nitakuonyesha venye mimi hulinganisha, natumia hizi mbili kama mfano kwa sababu zinajulikana hapa na zina umri karibu sawa, lakini ukitaka kushindanisha Escort na Corolla ama Mercedes ya W123 na Volvo njia ni hiyohiyo.

Kwanza, hiyo "504" ni gani?

Hapa ndipo mabishano mengi yangeishia kama watu wangeanza hapa. Jina peke yake halikuambii kitu. 504 ilitoka 1968 na injini ya cc 1,796, mwaka uliofuata ikapewa taji la Gari la Mwaka huko Ulaya, baadaye ikaja injini ya cc 1,971. Kuna ya kabureta, kuna ya injeksheni, kuna dizeli, kuna saluni, stesheni, pikapu, halafu kuna ile kupe ya milango miwili yenye V6. Zote 504. Datsun nayo hivyohivyo, ile bodi ya 510 iliyotoka 1967 iliuzwa na injini ya 1300, ya 1400 na ya 1600, na hiyo 1600 yenyewe kuna ya kawaida yenye kabureta moja na kuna SSS yenye kabureta mbili ambayo kwa katalogi inapita hosipawa 100. Ile 96 ambayo watu hupenda kutaja ni ya 1600 ya kawaida.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ni kufungua boneti. Kwa Datsun tafuta namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, chini kidogo ya hedi. Itakuwa imefunikwa na grisi ya miaka, chukua kitambaa chenye petroli upanguse mpaka chuma ionekane, halafu pitisha chaki nyeupe juu yake upanguse tena polepole, chaki itabaki ndani ya herufi na zitasomeka vizuri. Ukisoma L16, sawa, hiyo ni cc 1,595 ya kiwandani. Ukisoma L18 hiyo ni cc 1,770, na L20B ni cc 1,952, na hizo injini zinaingia kwa hiyo gari bila vita kwa sababu ni familia moja, ndiyo maana zimebadilishwa sana. Mwenye gari atakuambia "hii ni original, boss, haijawahi guswa" na huenda hata hadanganyi, aliinunua hivyo. Ukishajua ni L20B basi hulinganishi tena 1600 na 504, unalinganisha gari ya lita mbili nyepesi na gari ya lita mbili nzito, na hiyo ni stori nyingine kabisa. Chukua hiyo namba uiweke pia kando ya ile iliyo kwa logbuku, zisipolingana utakuwa na kazi NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari, kabla hata hujafikiria hosipawa.

Na usilete ushindi wa Safari Rally bila kuuliza ni gari gani ilishinda. Edgar Herrmann alishinda 1970 na Datsun 1600 SSS, hiyo ni halali, hiyo ndiyo bodi tunayoongelea. Lakini mwaka uliofuata alishinda na 240Z, gari ya michezo ya silinda sita, na Shekhar Mehta pia 1973 alikuwa kwa 240Z. Zile nne mfululizo za Mehta kuanzia 1979 mpaka 1982 ni za Datsun Violet, ile watu huita 160J. Ukikusanya zote ukazipakia kwa 1600 ya mjomba wako umeiba. Upande wa Peugeot ni hivyohivyo: Ove Andersson 1975 alikuwa na saluni ya injeksheni, ambayo angalau inafanana na gari ya mtu wa kawaida, lakini Jean-Pierre Nicolas 1978 alishinda na kupe ya V6, na zile za miaka ya sitini zote ni za 404. Halafu kumbuka gari ya rally ilikuwa imefunguliwa na kuundwa upya na kiwanda. Safari inakuambia bodi na miguu, yaani suspensheni, inavumilia kiasi gani, haikuambii yako itapanda Limuru na gia gani.

Hosipawa hazizungumzi lugha moja

Hii ndiyo sehemu ambayo ningetaka usome pole pole.

Zamani kulikuwa na njia tofauti za kupima nguvu ya injini. Marekani na Wajapani walipenda SAE ya zamani, ambapo injini inawekwa kwa benchi ikiwa uchi, haizungushi feni, haichaji betri, haina ekzosi ya gari yenyewe, haina eyaklina ya kuibana, halafu wanasoma namba. Wajerumani na Wazungu wengi wa Ulaya walitumia DIN, ambapo injini inapimwa ikiwa imevaa kila kitu venye itakaa ndani ya gari. Ni wazi namba ya SAE itakuwa kubwa. Wamarekani wenyewe waliiacha hiyo njia karibu 1972 wakaenda kwa kipimo cha injini iliyovaa na ghafla gari zao zikaonekana zimepoteza nguvu, na kumbe injini ni zilezile.

Sasa rudi kwa mabishano yetu. Ile 96 ya Datsun ni SAE ya injini uchi. Ile 93 ya 504 ya cc 1,971 yenye kabureta ni DIN. Hauwezi kuzitoa moja kwa nyingine. Ukitaka kuzileta karibu, punguza SAE kwa kati ya asilimia 10 na 20, mimi hutumia 15 kama sina karatasi ya kiwanda inayosema vingine. 96 ukitoa asilimia 15 unabaki na kama 82. Kwa hivyo yule aliyesema Datsun ina nguvu zaidi amekosea, 504 ndiyo iko mbele kwa hosipawa kumi hivi. Lakini asifurahi bado yule wa Peugeot, tunafika.

Ukikuta katalogi imeandika kilowati, zidisha na 1.36 upate hosipawa za DIN. Kilowati 68 ni kama hosipawa 93. Na ukikuta hakuna mahali pameandikwa ni SAE ama DIN, angalia gari ilitoka wapi na mwaka gani, na ukishindwa kabisa usiitumie hiyo namba, tumia torki (nguvu ya injini ya kusokota) na uzito na barabara.

Uzito, na hapa ndio Datsun inaamka

504 saluni ina kama kilo 1,200. Datsun 1600 saluni ina kama kilo 950. Hiyo tofauti ya kilo 250 ni watu watatu na nusu ambao Datsun haibebi.

Piga hesabu ya hosipawa kwa kila tani. 504: 93 gawanya na 1.2, ni kama 78. Datsun ukiwa umedanganywa na SAE: 96 gawanya na 0.95, ni 101, hapo unaona kama Datsun itaiacha 504 na vumbi. Datsun kwa hesabu safi: 82 gawanya na 0.95, ni 86. Bado iko mbele, lakini si kwa ule mwanya mkubwa. Ni tofauti ya kuhisi kidogo kwa mguu, ukitoka kwa taa za Museum Hill.

Sasa pakia. Weka watu watano na mizigo yao, sema kilo 400 kwa jumla, ambayo kusema ukweli kwa safari ya ushago ni kidogo. 504 inakuwa tani 1.6, hosipawa 58 kwa tani. Datsun inakuwa tani 1.35, ni kama 61. Zimekaribiana. Mzigo uleule unaumiza gari nyepesi zaidi, na hii ni kanuni ya kuandika mahali kwa sababu inafanya kazi kwa gari zozote mbili.

Halafu torki, ambayo ndiyo inakuvuta mlimani bila kushusha gia. Injini ya 504 ya cc 1,971 inatoa zaidi ya Nm 150 ikizunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. L16 inatoa kama Nm 135 karibu na 3,600, na hiyo pia ni SAE, kwa hivyo punguza, inabaki kama 115. Gawanya na tani za gari iliyopakiwa: 504 inapata karibu 94, Datsun 85. Hapa sasa Peugeot imepita, na imepita ikiwa inazunguka polepole, ndiyo maana wale wazee wa stesheni za Nyamakima walikuwa wanakaa kwa gia ya juu wakipanda huku wanapiga stori. Kwa hivyo wale wawili wa mwanzo wote walikuwa na haki, mmoja alikuwa anaongelea gari tupu na mwingine gari iliyojaa.

Kitu kingine cha uzito, usiamini katalogi kwa gari ya miaka hamsini. Kama bodi imelehemiwa mabati chini na kujazwa puti kwa milango imeongezeka kilo. Ukiweza kuipitisha kwa mizani ya wanaonunua chuma chakavu kule Industrial Area utajua ukweli kwa pesa kidogo, hakikisha tu zote mbili zina mafuta kiasi kimoja na hakuna mtu ndani.

Nairobi iko juu, usisahau

Namba zote za katalogi ni za usawa wa bahari. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia moja kwa kila mita 100. Kwa hivyo 93 ya Peugeot hapa mjini ni kama 77, na 82 ya Datsun ni kama 68, na ukifika Limuru ambako ni zaidi ya mita 2,200 zinapungua tena. Zote zinapoteza kwa kiwango kimoja kwa hivyo mpangilio haubadiliki, lakini ukishangaa kwa nini gari haifiki mwendo ulioandikwa kwa kitabu, ndiyo hiyo. Ishushe Mombasa utaona inavyochangamka.

Kile kinachobadilisha mpangilio ni kabureta. Hewa ikiwa nyepesi na jeti, vile vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, ni zile za pwani, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi na gari inanuka. Chomoa plagi za gari zote mbili kabla hujafanya jaribio lolote, ncha iwe kahawia hafifu. Kama ni SSS, zile kabureta mbili lazima zivute sawa, na kama hazivuti sawa, 1600 ya kawaida yenye kabureta moja iliyopangwa vizuri itaipita na mwenye SSS atalaumu kila kitu isipokuwa hiyo.

Mwinuko unaingilia pia geji ya kompresheni. Kama kitabu kinasema psi 170, hapa Nairobi injini nzima itasoma kama 140 na haina ugonjwa. Nimeona mtu akiambiwa injini imekufa afungue yote, kumbe ni hewa ya Nairobi tu. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda, moja ikiwa chini ya zingine kwa zaidi ya asilimia kumi hapo kuna maneno. Pima injini ikiwa moto, plagi zote nje, mguu umekanyaga mafuta mpaka mwisho, betri iwe na nguvu.

Gia: chaki, jeki na spana

Gari mbili zenye nguvu sawa zinaweza kukimbia tofauti sana kwa sababu ya difu, ile gia ya nyuma inayopeleka nguvu kwa magurudumu, na tairi. Unataka kujua kila injini ikizunguka mara 1,000, gari inaenda kilomita ngapi kwa saa kwa gia ya mwisho. Na kwa sababu difu hubadilishwa na tairi hubadilishwa, pima gari iliyo mbele yako.

Tairi kwanza. Weka upepo sawasawa, chora alama ya chaki chini kabisa ya tairi na kwa sakafu, sukuma gari taratibu mpaka alama irudi chini, chora tena kwa sakafu, pima na futi kamba. Tuseme umepata mita 1.9.

Difu sasa. Watu wengi husema inama uhesabu mizunguko ya propela shafti, na kwa Datsun hiyo inawezekana, lakini kwa 504 saluni shafti imefichwa ndani ya bomba mpaka kwa difu, hutaiona. Njia ambayo inafanya kazi kwa zote: ziba magurudumu ya mbele na mawe pande zote, achilia hendibreki, inua gurudumu moja tu la nyuma na jeki na uweke stendi, chomoa plagi zote ili injini isikaze, weka gia ya nne, ambayo kwa giaboksi hizi za gia nne inapitisha moja kwa moja bila kupunguza. Halafu zungusha puli ya injini na spana huku mwenzako anatazama lile gurudumu lililo hewani. Hesabu injini imezunguka mara ngapi mpaka gurudumu lizunguke mara mbili kamili, mara mbili kwa sababu lile lingine liko chini halizunguki na difu inalipa hili mzunguko wa ziada. Ukipata karibu 3.9, difu yako ni 3.9.

Hesabu: 1,000 gawanya na 3.9, zidisha na 1.9, zidisha na 60, gawanya na 1,000. Unapata kama kilomita 29 kwa saa. Maana yake ukienda 100 injini iko kama 3,400. Fanya hivyo kwa gari ya pili. Utashangaa mara nyingi venye zinakaribiana, rimu ndogo za inchi 13 za Datsun na difu yake, na rimu kubwa za inchi 14 za Peugeot na difu yake, zinaishia mahali pamoja. Lakini ukikuta mtu ameweka difu fupi ili gari iruke haraka kwa taa, jua safari ya Mombasa itakuwa na kelele.

Miguu na breki

Hapa sitakaa sana, lakini inama uangalie chini, usiulize. Saluni nyingi za 504 zina miguu ya nyuma inayojitegemea kila moja na koili, lakini L ya bei ya chini na stesheni zina ekseli ngumu, nayo pia ni ya koili. 510 saluni ya 1600 inajulikana kwa miguu ya nyuma inayojitegemea, stesheni yake iko na springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Kwa hivyo ukilinganisha saluni kwa saluni, huku nyuma zinafikiria kitu kimoja, ila 504 ina nafasi kubwa ya kupanda na kushuka na ni ndefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, mita 2.74 dhidi ya 2.42. Kwa barabara mbovu hizo sentimita 32 unazilala. Kwa kona za kushuka Mai Mahiu, Datsun ndiyo inageuka kwa furaha, ingawa usukani wa 504 ni wa reki na unajibu moja kwa moja, na boksi ya usukani ya Datsun ikichakaa utazungusha kidogo kabla kitu kitokee. Breki, Datsun ina diski mbele na dram nyuma, 504 zingine zina diski kote. Cheki tu.

Peleka barabarani

Katalogi zinazipa zote mbili mwendo wa juu wa kama 160 na kitu, na kutoka sifuri mpaka 100 ni sekunde kumi na kadhaa kila moja. Hizo usijaribu. Kwanza sheria ni 110 kwa barabara kubwa, pili kuanza kwa kuchoma klachi kwa gari ambayo klachi pleti yake ni ya kutafuta ni ujinga.

Jaribio linalofaa ni la kupanda. Chagua mlima mmoja, barabara ya kwenda Limuru inafaa, Jumapili asubuhi mapema kabla ya malori na watu wa kanisa. Watu walewale, mafuta ya stesheni moja, upepo wa tairi venye kila kitabu kinasema, dereva mmoja kwa gari zote. Simu yenye GPS ikae kwa dashibodi irekodi video, kwa sababu spidomita za hizi gari husoma uwongo, na tairi zikiwa si saizi ya kiwanda zinaongeza uwongo mwingine. Weka gia ya nne ukiwa 60, kanyaga mpaka mwisho, tazama itachukua sekunde ngapi kufika 80 ukianzia alama ileile ya barabara. Rudia mkiwa wawili, halafu rudia gari ikiwa imejaa. Hapo utaona ile hesabu ya torki ikitembea na miguu yake.

Ukiwa unapanda, tazama pia sindano ya joto. Hedi za gari zote mbili ni alumini, zikichemka zinapinda, na gari inayoshinda jaribio huku inachemka haijashinda. Kwa 504 angalia feni, kiwandani ilikuwa na klachi ya sumaku ya umeme inayoishika feni injini ikipata joto na kuiachilia ikipoa. Ukikuta imefungwa na nati iwe inazunguka saa zote, jua inakula nguvu kidogo bure na mtu alikuwa anakimbia shida fulani, tafuta ni gani.

Mafuta ni rahisi: jaza tanki mpaka shingoni, endesha safari ileile na zote, jaza tena shingoni pampu ileile, gawanya kilomita na lita. Kilomita uzichukue kwa simu.

Mimi ukiniuliza, gari ya kuendesha peke yangu ama tukiwa wawili, barabara ikiwa safi, nitachukua Datsun na SSS kama naiweza, ile injini yenye kamshafti juu inapenda kuzunguka na 504 yenye pushirodi haina hiyo haraka. Gari ya kutoka hapa mpaka Kisii na familia na kurudi na ndizi, 504, na sioni hata cha kufikiria.

Safu ya mwisho ya daftari: spea

Kabla hujafunga daftari ulilokuwa unaandikia hizi namba zote ongeza safu moja ambayo haiko kwa katalogi yoyote. Shuka Kirinyaga Road na orodha fupi: gasketi ya hedi, klachi pleti, wota pampu, bushi za mbele, kioo cha mbele, taa ya nyuma. Uliza za gari zote mbili, maduka tofauti, na usiseme una gari gani, sema tu unaulizia. Andika bei na uandike pia kama kitu kiko dukani ama ni "njoo kesho". 504 saluni ziliachwa kutengenezwa Ufaransa 1983 lakini Afrika ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baadaye, pikapu ndizo zilizobaki barabarani kabisa, kwa hivyo vitu vya injini na vya mbele bado utaviona kwa rafu. Injini ya L ya Datsun nayo iliingia kwa gari nyingi kwa hivyo gasketi na vitu vya ndani si balaa. Balaa ya 510 ni bodi, taa, mapambo na vioo, hivyo havikuingia kwa gari nyingine. Ukipata kioo cha mbele cha 510 ambacho hakina ufa, nunua hiyo siku, hata kama gari yenyewe bado hamjaelewana bei.